Jedwali la Bafa Lisikomee Kwenye Volti 3.3

Vijana wengi wanaosanifu bodi za elektroniki hapa Mbeya, iwe za kupima unyevu wa udongo Uyole au joto la vikaushio vya chai Rungwe na Mufindi, siku hizi hawaanzi na waya na risasi ya kulehemu. Wanaanza kwenye kompyuta, kwa simulesheni. Ni jambo jema, maana bodi uliyoagiza ikifika na kasoro, fedha imeshakwenda. Lakini simulesheni haiwezi kuwa na ukweli zaidi kuliko modeli uliyoipa, na katika modeli za bafa kuna jambo moja linalosahaulika mno: upana wa volteji.

Bafa ni saketi iliyo nyuma ya pini ya chipu, inayosukuma ishara nje au kuipokea. Watengenezaji hawapendi kuanika siri za transista zao. Ndiyo maana tangu 1993, kwa kazi iliyoanzishwa na Intel, wanatoa faili za IBIS: majedwali yanayoeleza kwamba pini ikiwa na volteji fulani, mkondo unaopita ni kiasi fulani. Ni maandishi ya kawaida. Yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma.

Kwa chipu ya volti 3.3, mtu hutarajia jedwali lianze 0 liishie 3.3. Sivyo. Majedwali ya Pulldown (bafa inapovuta pini chini, kuelekea 0) na Pullup (inapoivuta juu, kuelekea volteji ya chanzo cha umeme) yanatakiwa kuanzia hasi ya volteji ya chanzo hadi mara mbili yake, yaani -3.3 hadi 6.6. Chipu ya volti 5 inahitaji -5 hadi 10.

Sababu ya upana huo ni mawimbi. Ishara husafiri kwenye bodi ya faibaglasi takriban sentimita 15 kwa kila nanosekunde. Ikifika kwenye pini inayopokea, ambayo haili mkondo wowote wa maana, hugonga na kurudi kama maji kwenye bomba koki inapofungwa ghafla. Wimbi linalorudi hujumlishwa na linalokwenda. Ishara ikipanda kwa volti 3.3, mwisho wa waya unaweza kusukumwa kuelekea 6.6. Ikishuka kwa 3.3, mshuko huo nao huongezeka maradufu: 3.3 toa 6.6, unabaki na -3.3.

Kwenye bodi halisi daiodi za kinga, vipande vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu, huzuia kabla ya kufika huko, na hapo ndipo jedwali fupi linapoponza. Daiodi ya upande wa chini huanza kupitisha mkondo kwa wingi karibu na volti -0.7. Kama majedwali yote yamekomea 0, programu haina habari kwamba daiodi hiyo ipo. Italazimika kukisia: nyingine hushikilia thamani ya mwisho, nyingine huendeleza mstari kwa mteremko uleule. Mchoro utatoka mzuri kwenye skrini, nawe utauamini.

Wanafunzi hukwama zaidi kwenye jedwali la Pullup, kwa sababu volteji zake hupimwa kutoka kwenye chanzo kwenda chini. Mstari ulioandikwa -3.3 maana yake pini iko kwenye 6.6, ulioandikwa 6.6, pini iko kwenye -3.3. Ukilisoma kama la Pulldown utadhani faili imeharibika, kumbe iko sawa.

Anayetengeneza modeli kwa kupima chipu mezani asijaribu kuisukuma hadi 6.6 kwa nguvu, ataiunguza. Apime hadi pale inapostahimili, kisha aendeleze mstari kwa uangalifu. Tena mkondo wa daiodi auondoe kwenye majedwali ya Pulldown na Pullup, kwa kuwa una majedwali yake, GND Clamp (daiodi ya upande wa chini) na POWER Clamp (ya upande wa juu), na programu huyajumlisha yote. Asipouondoa, daiodi moja itahesabiwa mara mbili.

Kila jedwali lina safu tatu za mkondo: ya kawaida, ya chini na ya juu. Kwa chipu za CMOS, aina ya transista iliyo kwenye chipu nyingi za leo, safu ya juu ni ya baridi na volteji kubwa ya chanzo, hali ambayo transista husukuma kwa nguvu zaidi na kingo za ishara, yaani kupanda na kushuka kwake, huwa kali. Kwa hiyo bodi itakayokaa nje kwenye baridi ya Kitulo usiku wa Julai, anza kuikagua kwa safu hiyo ya juu, na kabla ya hapo tazama mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila jedwali.