Mfupa Mwembamba Kati ya Pua na Ubongo: Dhana Potofu na Ukweli

Katika baraza za Mji wa Kale, Mombasa, uvimbe wa ubongo huzungumzwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi mazungumzo hayo huishia puani. Fulani alitokwa na muhina, yaani damu ya puani, kabla ya kulazwa, fulani aliacha kusikia harufu, mwingine alipasuliwa kwa kupitia puani, na wasikilizaji hutikisa vichwa. Kosa kubwa la madai hayo, kwa maoni yangu, ni la umbali: ama pua huwekwa karibu mno na ubongo, ama huwekwa mbali mno, kana kwamba viungo hivyo havijuani. Kati yake upo mfupa mwembamba wenye vitundu kama chujio, ambamo hupita nyuzi za neva ya kunusa.

Dhana: Muhina ni dalili ya uvimbe wa ubongo.

Kwa kawaida sivyo. Damu hiyo, mara nyingi sana, hutoka kwenye mishipa midogo iliyo mbele ya ukuta unaotenganisha mianzi ya pua, mahali ambapo kidole cha mtoto hufika bila taabu. Aliyepatwa na muhina ainame mbele kidogo na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15. Kuinua kichwa nyuma, kama walivyotufundisha bibi zetu, humfanya ameze damu tu. Hata hivyo, muhina unaojirudia upande mmoja huku pua ikiziba unahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Upo uvimbe wa saratani, adimu, unaoota kwenye utando wa kunusa juu ndani ya pua, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1924, ambao huweza kupenya ule mfupa wenye vitundu na kuingia upande wa ubongo.

Dhana: Kijiti cha kupimia korona hugusa ubongo.

Kijiti hicho hupita chini, sambamba na sakafu ya pua, hadi nyuma ya koo. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani waliripoti kisa cha mwanamke aliyevuja puani maji ya ubongo, yaani maji yanayouzunguka ubongo, baada ya kipimo hicho, lakini alikuwa na kasoro ya tangu zamani ambayo haikuwa imetambuliwa, yaani sehemu ya utando wa ubongo iliyojipenyeza kwenye tundu la mfupa.

Dhana: Asiyesikia harufu ana mafua tu.

Mafua, nyama za puani na uzee ndivyo visababishi vya kawaida. Lakini upo uvimbe wa utando wa ubongo unaoota juu ya mfupa uleule wenye vitundu na kuzibana neva za kunusa polepole, pengine kwa miaka. Kwa kuwa hukua chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, mgonjwa huweza kubadilika tabia kabla hajalalamikia kichwa: aliyekuwa mchangamfu akawa mzito, asiyejali, na jamaa wakasema amerogwa. Mtu ambaye hasikii tena harufu ya udi wala ya asmini, bila ya kuugua mafua, anastahili kuchunguzwa.

Dhana: Kupasuliwa puani ni kuvutwa ubongo.

Wanaosema hivi huenda wamesikia habari za Misri ya kale, ambako waliohifadhi maiti walitoa ubongo kwa kupitia puani. Upasuaji wa leo hauna uhusiano na jambo hilo. Tezi ya pituitari, inayomwaga homoni na ambayo huweza kuota uvimbe, ina ukubwa unaokaribia punje ya mbaazi; imekaa kwenye kishimo cha mfupa nyuma kabisa ya pua, na njia fupi ya kuifikia ni hiyo. Hermann Schloffer aliitumia kwa mara ya kwanza mwaka 1907 mjini Innsbruck, akiikunjua pua upande mmoja. Miaka michache baadaye Oskar Hirsch wa Vienna alipita ndani kwa ndani bila kuacha kovu usoni. Siku hizi hutumika kamera nyembamba, na ubongo wenyewe hausogezwi.

Kilichowasumbua watafiti kwa muda mrefu zaidi kilikuwa namna ya kufunga mlango. Tundu lililoachwa kwenye mfupa liliweza kuvujisha maji ya ubongo, na vijidudu vya puani vikapata njia ya kusababisha homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2006 ilichapishwa mbinu ya madaktari wa Argentina, Gustavo Hadad na Luis Bassagasteguy, ya kukata kipande cha utando wa ukuta wa pua kikiwa bado kimeshikamana na mshipa wake wa damu, kisha kukilaza juu ya tundu, na uvujaji ukapungua sana. Aliyepasuliwa au kuumia kichwa, akaona maji meupe kama ya kisima yakidondoka upande mmoja anapoinama, asiyaite mafua. Maabara huyatambua kwa protini isiyopatikana kwenye makamasi.

Wala si kila uvimbe wa tezi ya pituitari hupasuliwa. Mwanamke anayetokwa na maziwa bila ya kunyonyesha, na hedhi ikakatika, huku kwetu huambiwa ana jini mahaba, ilhali huenda ana uvimbe usio wa saratani unaomwaga prolaktini, homoni inayochochea maziwa, ambao kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa vidonge kama kabagolini.

Dhana: Mafuta ya habasoda yakitiwa puani hufika kwenye uvimbe na kuuyeyusha.

Dhana hii imegusa swali ambalo watafiti nao wanalo. Mishipa ya damu ya ubongo ina kizuizi kinachozuia dawa nyingi kupita, hivyo njia ya neva ya kunusa inavutia. Nchini Brazili wagonjwa waliorudiwa na glioma, uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe, wamejaribiwa dawa ya kuvuta puani iitwayo perili alkoholi, kwa kipimo maalumu na chini ya uangalizi, na bado haijawa tiba ya kawaida. Mafuta ya dukani hayana kipimo hicho. Kwa aliyetoka kupasuliwa puani, kutia mafuta, ugoro au maji ya chumvi bila ya idhini ya daktari ni hatari, kwani kile kipande cha utando bado hakijashika.