Mbio za boti za bahari kuu: wazee waliogopa wimbi, vijana wanaogopa hewa

Kipindi hiki cha kusi boti nyingi za uvuvi wa watalii hapa Mtwapa huwa zimepandishwa nchi kavu, na ndipo sisi mafundi tunapopata riziki. Wiki iliyopita tulikuwa chini ya moja, tunakwangua magamba yaliyoshika tumboni, kijana wangu wa kazi akachukua kipima pembe akakiegemeza kwenye tumbo la boti, karibu na tezi, huku nyuma, apime mwinamo wa ile V ya chini. Digrii 22. Akaniuliza, "Ami, huku nyuma si wangefanya bapa tu? Boti bapa haiyumbi."

Hakukosea. Ikiwa imefungwa gatini, boti bapa hutulia kuliko hii. Nikamwambia jibu la swali lake liko Miami, mwaka 1960, naye akadhani namtania.

Mbio za boti za bahari kuu nimezifuata tangu nilipokuwa nikifanya kazi Dubai, kwenye karakana ya faiba, na kila Ijumaa ya mashindano tulikuwa tukienda Mina Seyahi kutazama. Watu wengi wakisikia "mbio za boti" hufikiria matajiri na kelele. Vyote viwili vipo, sikatai. Lakini boti unayopanda leo kwenda kuvua nduwaro ni mtoto wa mbio hizo, na mbio zenyewe zimegeuka kiasi kwamba mshindi wa enzi zile akifufuliwa hatazitambua.

Nianze mwanzo. Mwaka 1956 watu walianza kushindana kutoka Miami kwenda Nassau, visiwa vya Bahamas. Katikati pana Mkondo wa Ghuba, maji mengi yanayokwenda kaskazini kwa nguvu. Upepo ukivuma kutoka kaskazini ukakutana nayo uso kwa uso, mawimbi hayaji marefu na ya kulala, yanasimama wima, mafupi, moja nyuma ya jingine. Mvuvi aliyewahi kutoka mlango wa Kilifi maji yakitoka huku bahari imechafuka anajua ninachosema. Mbio za kwanza alishinda Sam Griffith, na ndani ya boti alikuwa na Dick Bertram, muuzaji wa boti wa Miami. Kumbuka jina la huyu wa pili.

Boti za siku hizo zilikuwa za mbao, zenye ncha kali omo, yaani mbele, lakini zikifika tezi zimekuwa bapa. Bapa hupanda juu ya maji upesi na huhitaji mashine ndogo, ndiyo sababu ilipendwa. Taabu yake ni pale inaporuka na kurudi. Jaza maji kwenye beseni, uyapige kwa kiganja kilichonyooka, kisha uyapige kwa ukingo wa mkono. Kile kiganja ndicho boti ya 1956. Ilipiga kofi kila baada ya sekunde chache, kwa saa nyingi, mpaka mbao ziachane au watu waombe basi.

Mwaka 1958 Bertram alikuwa Newport, jimbo la Rhode Island, kwenye majaribio ya mashua za tanga za Kombe la Amerika. Akaona kiboti kidogo kinakatiza mawimbi kwa kasi bila kupiga kofi. Kilibuniwa na Ray Hunt, na chini yake kilikuwa na umbo la V lililoendelea kutoka omo mpaka tezi bila kulala. Bertram akaagiza kikubwa zaidi, kama futi 31, akakiita Moppie, jina la utani la mkewe. Mwaka 1960, Griffith kwenye usukani, bahari imechafuka vibaya, Moppie ikafika Nassau kwa muda wa saa nane hivi. Wa pili akawa Jim Wynne, naye kwenye boti ya umbo lilelile. Wengine walifika kesho yake, waliofika.

Hapo ndipo digrii zetu 22 zilipotoka. Bertram alichukua kalibu kutokana na boti ile ya mbao akaanza kuzitoa za faiba, na Bertram 31 ikawa boti ya uvuvi inayoheshimika dunia nzima. Ukiinama chini ya boti yoyote ya kasi hapa Mtwapa utaona pia vipande virefu vya pembetatu vinavyokwenda omo hadi tezi, viwili au vitatu kila upande. Hivyo navyo Hunt aliviweka. Vinatupa maji nje yasipande ubavuni, na vinainua boti kidogo ili V isizame mno. Nimeona fundi mmoja akivipiga msasa mpaka vikawa duara "ili boti iteleze vizuri". Mwenye boti alirudi baada ya wiki analalamika kwamba abiria wote wanalowa.

Uingereza nayo haikukawia. Sir Max Aitken wa gazeti la Daily Express aliziona mbio za Miami, akaanzisha za kwake mwaka 1961 kutoka Cowes hadi Torquay. Tommy Sopwith akashinda na Thunderbolt. Mwaka 1963 zikachukuliwa na A'Speranziella ya Sonny Levi, mbunifu aliyezaliwa Karachi akaja kufanya makubwa Italia. Mwaka 1969 wakazunguka Uingereza nzima kwa boti, na mshindi akawa Timo Mäkinen, dereva wa rally kutoka Finland. Kwa mtu aliyekua akisikiliza matokeo ya Safari Rally redioni hilo halishangazi: zilikuwa rally za majini hasa. Unatoka hapa, unafika kule, katikati ni shauri lako na Mungu wako.

Ndani ya boti walikuwa watatu mara nyingi. Mmoja usukani, mmoja mashine, mmoja njia. Huyu wa njia nilikuwa nikimhurumia kila nikitazama picha za zamani: ramani imelowa, dira inazungukazunguka kwa mishtuko, pwani haionekani, na akikosea digrii chache boti yenye kasi kuliko zote inakuwa inapotea haraka kuliko zote. Wote walisimama. Hawakusimama kwa ushujaa. Magoti ndiyo yaliyokuwa springi. Ukikaa, mshtuko unapanda moja kwa moja uti wa mgongo. Don Aronow, aliyeanzisha kampuni za Formula, Donzi, Magnum na Cigarette na kuwa bingwa wa dunia 1967 na 1969, alishindana hivyohivyo, wima. Betty Cook wa California, bingwa wa dunia 1977 na 1979, aliingia kwenye mchezo huu akiwa mama wa makamo, akawashinda wanaume waliodhani misuli ndiyo kila kitu. Mwaka 1978 alivuka Atlantiki akashinda na Cowes–Torquay.

Kisha ikaja katamarani.

Aliyepanda boti za Azam kutoka Dar kwenda Unguja ameshakanyaga katamarani: miili miwili myembamba, na sakafu imelala juu yake. Ya abiria ni nzito, haina nia ya kuruka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 James Beard na Clive Curtis wa Cougar, Uingereza, waliileta kwenye mbio za bahari kuu, na katika miaka ya 1980 ikaanza kuzifukuza V mstari wa mbele. Siri yake iko kwenye ile nafasi ya katikati. Kasi ikipanda, hewa inayoingia kwa mbele inabanwa chini ya sakafu, nayo inaisukuma boti juu, kama bawa. Maji yanayoishika boti yanapungua, mpaka zinazobaki majini ni visigino vya nyuma na rafadha inayoisukuma. Boti za Daraja la Kwanza za leo, lile daraja la juu kabisa la mbio hizi, zenye injini mbili za nguvu-farasi 1,100 kila moja, hupita kilomita 250 kwa saa.

Hapa ndipo adui alipobadilika. Boti ya V ikikutana na wimbi baya inakuumiza, inakuvunja, lakini inarudi majini. Katamarani pua ikiinuka zaidi ya kiasi, hewa ileile iliyokuwa ikiibeba inaipiga kwa chini, na boti ya tani kadhaa inapindukia nyuma kama bati la paa lililong'olewa na upepo. Tarehe 3 Oktoba 1990, nje ya Monaco, Stefano Casiraghi, mume wa Binti Mfalme Caroline, alikuwa akitetea ubingwa wake wa dunia ndani ya katamarani Pinot di Pinot. Ikapinduka. Mwenzake, Patrice Innocenti, alirushwa nje akapona. Casiraghi alifariki, miaka 30.

Kabla ya hapo Wamarekani walikuwa wameshaanza kufunika vyumba vya marubani kwa vioo vya ndege za kivita za F-16, na baada ya vifo kadhaa jambo hilo likaacha kuwa la hiari. Sasa watu wanakaa. Wamefungwa mikanda kwenye viti vinavyoshika mpaka mabega, ndani ya chumba kilichojengwa kibaki kizima hata boti ikivunjika. Pembeni kuna hewa ya kupumulia, na upo mlango wa kutokea boti ikiwa juu chini. Kabla ya kupewa leseni, rubani anafungwa ndani ya chumba cha mfano, kinapinduliwa majini, ajitoe mwenyewe. Enzi za Griffith mafunzo ya kupinduka yalikuwa ni kupinduka.

Wa njia ameondoka, GPS imemchukulia kazi. Wamebaki wawili: mmoja usukani, mwingine mkono kwenye gesi. Wageni wa mchezo humshangilia wa usukani. Mimi humtazama wa gesi. Boti ikiacha maji, rafadha hukosa kitu cha kusukuma na injini inataka kupaa mizunguko. Asipoipunguza kabla, ikirudi majini rafadha inagonga maji ikiwa na kasi ya kichaa, na anayelipa ni giaboksi. Pale Mina Seyahi nilikuwa nikifumba macho nisikilize. Boti ya timu nzuri ikiruka sauti inashuka kidogo halafu inapanda tena, laini, mara kumi kwenye mstari mmoja. Boti ya timu mbovu inalia.

Hata huku kwetu ni yaleyale. Mwaka juzi niliifungua mashine ya boti moja ya uvuvi, mguu wa chini. Mafuta yalitoka meusi yenye vumbi la chuma linalometameta, na meno matatu ya gia yamekatika kama mahindi yaliyong'atwa. Nahodha wake akaapa kwamba hakugonga mwamba. Nilimwamini. Alikuwa anaruka mawimbi ya mlangoni huku gesi ameikaza mpaka mwisho.

Bingwa wa kazi hii ya gesi ni Steve Curtis, Mwingereza, mwenye mataji mengi ya dunia ya Daraja la Kwanza. Ni mtoto wa yule Clive Curtis wa Cougar. Baba alijenga boti inayopaa, mtoto akajifunza kuizuia isipae. Timu aliyopambana nayo miaka mingi ni Victory ya Dubai, iliyoanzishwa 1989. Ghuba ilileta fedha safi wakati mchezo ulipozihitaji, kwa sababu huko Florida miaka ya 1980 baadhi ya mabingwa walikuja kufungwa kwa biashara ya dawa za kulevya, na Aronow mwenyewe aliuawa kwa risasi kwenye mtaa wa karakana zake za boti, Miami, Februari 1987.

Manung'uniko yangu ni juu ya njia. Siku hizi wanazunguka maboya karibu na ufuo, Key West, Cocoa Beach, raundi baada ya raundi, ili mtazamaji na helikopta ya televisheni waone kila kitu. Naelewa. Nani alipe fedha kutazama boti ikiondoka na kurudi jioni? Ila mtu anaweza kuwa bingwa wa mbio za "bahari kuu" bila kupoteza ufuo machoni hata dakika moja.

Waliobaki na ile ya zamani ni wachache. Fabio Buzzi wa Italia, mhandisi aliyejenga boti na kuziendesha mwenyewe, aliendelea na rekodi za masafa mpaka uzeeni. Septemba 2019, akiwa na miaka 76, alitoka Monte Carlo kuizunguka Italia yote kwenda Venice. Akafika usiku, akiwania rekodi, na karibu kabisa na Lido, kisiwa kilicho mbele ya Venice, boti ikagonga kizuizi cha mawe kinachokinga mlango wa bandari. Walikufa watatu, Buzzi mmojawapo. Akapona mmoja.

Nilipofika hapo kijana wangu alikuwa ameshatoa simu yake. Akanionyesha boti za umeme za E1, zilizoanza Jeddah mwaka 2024 na zikafika Lagos Oktoba 2025. Drogba ana timu humo, na kila timu ina rubani mwanamume na mwanamke. Zinasimama juu ya mabawa yaliyo chini ya maji, tumbo lote liko hewani, kasi kama kilomita 93 kwa saa. Kelele hakuna. Siziiti za bahari kuu, zinakimbia maji tulivu.

"Ami," akasema, "hii haina haja ya V."

Nikamwambia airudishe nyuma kidogo nione inavyokata kona. Kisha tukarudi kukwangua.