Ati hiyo ardhi iko tupu? Dhana potofu kuhusu ardhi ya viwanda vizito

Mimi ni mtoto wa Malindi, riziki ndio ilinileta Athi River, mji wa viwanda karibu na Nairobi, na hizi sehemu mbili zinashika maji moja ingawa wengi hawajui. Huu mto Athi unaopita hapa karibu na viwanda vya simiti na vyuma, ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana, halafu ukikaribia kwetu unaitwa Sabaki na unamwaga baharini kaskazini kidogo ya mji. Tukiwa wadogo mvua ikinyesha bara sisi tulijua bila redio, bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Ndio maana nikisikia watu kwenye matatu wakiongea mambo ya kugeuza ardhi iwe ya viwanda vizito siwezi kunyamaza, mengi yanayosemwa si kweli na yanaumiza watu ambao hata hawako kwenye hayo mazungumzo. Haya ndio ninayoyasikia sana.

"Hiyo ardhi iko tupu, haina kazi."

Hii ndio inazaa zingine zote. Ukipita barabara ya Namanga mwezi wa tisa, jua kali, unaona nyasi kavu mpaka macho yanachoka, mtu yeyote atasema hapa hakuna kitu, leteni kiwanda. Lakini hizi tambarare za Athi-Kaputiei, kusini mwa Nairobi, zinatumika kwa zamu. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa 1946 na ina kilomita za mraba 117 tu, pande zingine zina fensi, upande wa kusini ndio uko wazi na mpaka ni mto Mbagathi. Kiangazi nyumbu na punda milia wanaingia hifadhini kwa sababu kule kuna maji ya kudumu. Mvua ikinyesha nyasi za hifadhini zinarefuka, zinakuwa ngumu na simba anajificha ndani, basi wanyama wanatoka kwenda kusini kwenye nyasi fupi zenye madini, mahali mama anaweza kunyonyesha na kuona adui akiwa mbali, na huko ndiko wanazalia. Kwa hivyo ile ardhi uliyoiona tupu Septemba, miezi michache baadaye ni wodi ya kujifungulia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa hizi tambarare walikuwa zaidi ya 25,000, na kufika 2011 hawakufika hata 5,000. Ujangili ulichangia, sawa, lakini angalia vile ardhi ilienda: mwaka 1988 ranchi ya jamii ya Kitengela ikagawanywa ploti ploti, 1990 eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje likaanzishwa hapa Athi River, zikaja nyumba, zikaja mashamba ya maua, yakaja machimbo, na kila mmoja akaweka fensi yake na wengi walikuwa na hati halali kabisa mkononi. Hakuna siku moja ambayo mtu alikaa akaamua tuwamalize nyumbu. Njia tu ziliziba moja moja mpaka hakuna pa kupita, na ng'ombe wa Wamasai nao wakabanwa hapo hapo, maana walitumia ardhi hiyo kwa zamu hiyo hiyo.

Na kuna sababu ardhi nyeti kila mara huonekana tupu. Wazee hawakujenga pale kwa sababu panafurika, au pana chumvi, au ni njia ya mifugo, hawakuwa wajinga. Sasa kwa vile hapana nyumba bei inakuwa chini, na anayetafuta mahali pa kiwanda kizito anataka pale pale, tambarare, pana, bei nafuu, karibu na barabara na stima.

Nyuma ya ploti tunayokaa kulikuwa na kibonde cha udongo mweusi, ule unaonata kwa viatu. Kiangazi unapita katikati bila kujua ni kitu, umepasuka nyufa zinazoingiza mkono mzima. Mvua ya kwanza ikipiga kinajaa maji mpaka magotini na usiku vyura wanapiga kelele huwezi kusikia simu, asubuhi korongo wamesimama wanakula. Mwaka mmoja lori zikaja zikamwaga kifusi wiki mbili mfululizo, pakasawazishwa, pakazungushwa mabati. Masika yaliyofuata maji yaliingia kwenye nyumba zetu mpaka juu ya kitanda, jirani yangu alitoka na mtoto mabegani saa nane usiku. Yale maji hayakuwa mapya, yalikuwa yanakuja kila mwaka, ila sasa yalikuta nyumba yao imechukuliwa.

"Ikishapitishwa kuwa ya viwanda, basi, imekwisha."

Hapana. Kubadilisha matumizi ya ardhi na kupewa leseni ya mradi ni vitu viwili. Lamu walituonyesha. Kule Kwasasi, kama kilomita 20 kutoka mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, kulipangwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitoka Septemba 2016, watu wakaambiwa mambo yamekwisha. Wakaenda mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, wakakaa kwenye kesi karibu miaka mitatu, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa vile sheria inataka. Mikutano ya mwanzoni ilifanyika lakini ripoti ya mazingira ilipokamilika na madhara kuandikwa, watu hawakurudishiwa waisome na waulize maswali. Kumwita mvuvi barazani ukampa soda na kumwambia kuna mradi unakuja, hiyo siyo kumshirikisha.

Na hapo Kwasasi pia walisema ni pori tupu. Kulikuwa na mashamba.

"Wacha wapewe ardhi, NEMA wataangalia mazingira baadaye."

NEMA ni mamlaka ya serikali ya mazingira. Hii inasemwa na watu wenye nia njema kabisa, hata mimi niliiamini zamani. Shida ni hivi, ile tathmini ya mazingira tunayoijua inaangalia mradi mmoja. Kiwanda cha simiti kinaleta ripoti yake, kinasema vumbi letu liko ndani ya kiwango. Cha vyuma kinaleta yake, kinasema maji yetu ni kidogo tu. Kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli, lakini ukijumlisha kumi wote wanavuta kutoka visima vya chini ya ardhi ile ile na wote wanamwaga kwenye mto ule ule, na hakuna ripoti hata moja iliyojumlisha. Ndio maana marekebisho ya sheria ya mazingira ya 2015 yalitaka mipango mikubwa yenyewe ifanyiwe tathmini ya kimkakati, yaani kabla ya kuchora eneo zima liwe la viwanda uulize eneo zima litabeba nini. Hilo swali ndio la maana kuliko yote, na linaulizwa wakati ramani bado ni penseli. Ukishauza ploti arobaini kwa bei ya kiwanda, ukaweka lami na stima, hakuna afisa atakayeweza kusimama aseme hapa katikati tuache njia ya wanyama, wenye ploti watamla mzima.

Anayefanya kazi vizuri anaanza na kuchora vile ambavyo haviguswi: mto na mafuriko yake, chemchemi, kinamasi, njia ya wanyama, msitu. Kinachobaki ndio anakigawa, viwanda vizito huku, vyepesi huku, nyumba mbali upande ambao upepo hauleti moshi. Sisi tunafanya kinyume, tunagawa kwanza halafu kile kipande kisichonunuliwa ndio tunaita eneo la mazingira.

"Si wataacha mita thelathini na kupanda miti."

Mita thelathini ya nini? Kanuni zetu za maji zinasema kando ya mto uache kati ya mita 6 na 30, na hazipimwi kutoka pale maji yako leo kiangazi, hapo ndio watu wengi wanadanganyana. Lakini huo ni ukanda wa mto. Vumbi la simiti linasafiri na upepo na haliulizi mita, maji ya chini ya ardhi hayaoni mti uliopandwa juu, na nyumbu hapiti kwenye kichochoro cha mita thelathini katikati ya kuta mbili, anaogopa. Kwa hivyo upana unategemea unamkinga nani na kitu gani, na mtu akikutajia namba moja kwa kila kitu muulize ameipata wapi.

Na kuna pahali hata huo ukanda haukuwekwa. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi, ile metali yenye sumu, ya betri kuukuu kilikaa bega kwa bega na mtaa wa watu kama 3,000. Watoto walipopimwa damu walikutwa na risasi, na risasi ikishaingia kwenye akili ya mtoto hairudi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu hiyo miaka, yule mtoto aliyekuwa anatambaa sasa ni kijana. Ukuta wa kiwanda ungekuwa mbali na vile vyumba tangu mwanzo kesi yenyewe isingekuwepo.

"Mikoko ni matope na mbu tu."

Hii inaniuma kama mtu wa pwani. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Maji yakitoka ingia ndani ya mikoko taratibu, usikimbie, inama uangalie kwenye mizizi: kamba wadogo kama sindano, samaki wa kimo cha ukucha, kaa anakuangalia kwa jicho moja nje ya shimo. Hao samaki wadogo ndio watakaovuliwa nje ya mwamba mwakani. Mizizi inashika matope yasiende kufunika matumbawe, na matope yenyewe yamehifadhi kaboni ya miaka mingi sana. Mtambo wa makaa ukikaa karibu, maji ya kupozea kwa kawaida yanarudi baharini yakiwa ya moto, na majivu yake yana zebaki na aseniki ambayo lazima yawekwe mahali milele. Mikoko ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo hata kwenye makaratasi haijawahi kuwa ardhi tupu.

"Wanaopinga hawataki vijana wapate kazi."

Mimi nakula kwa sababu ya kiwanda. Mshahara wangu unasomesha ndugu zangu wawili, siwezi kusema viwanda viondoke, na simiti inayojenga hospitali lazima itengenezwe mahali. Ninachosema ni kwamba kazi zihesabiwe pande zote. Bandari ya Lamu ilipojengwa, mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Malindi iliamuru wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na wale wote walikuwa na kazi kabla ya mradi, ila kazi yao haina kitambulisho cha shingoni ndio maana hakuna aliyeihesabu. Mchungaji wa ng'ombe wa Kaputiei vilevile. Na mara nyingi ardhi mbadala ipo. Hapa kwetu kuna maeneo yaliyotengwa ya viwanda zamani, barabara ipo, maji taka yapo, na ndani kuna magodauni yaliyofungwa na ploti zimeota magugu. Jaza hizo kwanza. Ni ghali zaidi kuliko kununua nyasi, najua, lakini ile tofauti ya bei kuna mtu anailipa, analipa yule wa chini ya mto.

Kitu kimoja cha mwisho kwa wanaokaa karibu na ardhi ya hivyo. Anayetaka kubadilisha matumizi lazima atangaze, na tangazo hukaa gazetini na pale pale kwenye ardhi, mara nyingi karatasi ndogo kwenye kibao ambacho mbuzi wanajikunia. Ukiliona lipige picha siku hiyo hiyo na tarehe ionekane, soma ni kiwanda cha aina gani na maji yatatoka wapi, kisha andika pingamizi kwa kaunti kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Leseni ya mazingira ikishatoka bado una siku 60 za kukata rufaa, kwa hivyo tafuteni mtu mmoja mtaani wa kupita kwenye hicho kibao kila wiki.