Onyo la kimbunga linavuka nchi tatu, mvuvi wa dago linampita

Swali ninaloulizwa sana kwenye kazi yangu ya maafa ya pwani ni hili: hivi sisi si tuko mbali na vimbunga? Zamani kidogo ningesema karibu ndiyo, maana kimbunga kinahitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili kijisokote na ukikaribia Ikweta hiyo nguvu inapungua, kwa hiyo vingi vinaishia Madagaska na Msumbiji. Ila Lindi ilishapigwa 1952, Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapita kusini ya Mtwara kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, halafu Mei 2024, msimu ushahesabiwa umeisha, kimbunga Hidaya kikaja mpaka Mafia. Kilifika kimechoka, lakini mvua zake zikakata barabara ya kusini pale Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara wanajua maana ya barabara ile kukatika.

Huku juu, ushirikiano wa nchi upo na unafanya kazi. Vimbunga vya upande wetu vinafuatiliwa na kituo kilichoko kisiwa cha Réunion, majina yanapendekezwa na nchi za ukanda huu, Madagaska au Morisi ndiyo wanakipa kimbunga jina kutegemea kilipo, kisha mamlaka za hali ya hewa za kila nchi zinatoa onyo kwa watu wao. Tsunami nayo ina mfumo wake, tangu 2011 taarifa zinatoka Australia, India na Indonesia. Desemba 2004 hakukuwa na kitu hicho, wimbi lilitoka Sumatra likasafiri karibu masaa saba likaua watu karibu 300 Somalia bila mtu kuambiwa, wakati Kenya habari za redio na tivii ziliwahi, watu wakatolewa ufukweni, wakapona.

Sasa shida yangu iko huku chini, na ina jina: dago, yaani kambi ya wavuvi wanaohama kwa msimu.

Kaskazi ikianza kuvuma wavuvi wa Pemba wanafunga safari, wengine Tanga, wengine Kilwa na Mafia, wengine wanavuka kabisa mpaka kwenda Kenya au Msumbiji, wanapiga kambi kwenye visiwa visivyo na maji wala mtandao wa kueleweka, wanakaa miezi. Na miezi hiyohiyo, Novemba mpaka Aprili, ndiyo msimu wa vimbunga! Orodha ya BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi wa ufukwe, ina wenyeji, kikundi cha WhatsApp kina wenyeji, mgeni wa dago nyumbani kwao wanajua kaondoka na ugenini hayupo kwenye daftari la mtu. Onyo linavuka bahari nzima halafu linamkosa mtu aliye mita 200 kutoka kwa mwenyekiti wa ufukwe.

Kuna nahodha mmoja mzee nilimsomea onyo kwenye simu, upepo kilomita 40 kwa saa, mawimbi mita 2. Akashika kamba ya foromali, ule mti unaobeba tanga, akanitazama, akasema, "Mwanangu, niambie nipunguze tanga au nisitoke kabisa?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile kila onyo tunaloligusa tunaliandika hivyo, nani asitoke, nani arudi kabla ya jua kuzama, ngalawa mbali na boti ya mashine mbali.

Kwa hiyo nikikaa na wenzangu wa Kenya na Msumbiji siombi mikutano mingine ya hotelini. Naomba daftari moja linalofuata chombo, nahodha akiondoka Wete, Pemba, aandikwe anakoelekea, akifika Vanga kule Kenya au Kilwa Kivinje aandikwe tena na namba ya mtu mmoja nyumbani na mmoja kambini, onyo likitoka lipite njia zote mbili. Kiswahili kinatosha toka Lamu mpaka vijiji vya kaskazini mwa Cabo Delgado, redio za jamii zipo, wake na mama wa hawa wavuvi ndio wanaojua nani yuko kisiwa gani kuliko ofisi yoyote, waulizwe wao kwanza. Na waanze kuulizwa Oktoba, kabla vyombo havijasukumwa majini.