Asilimia ya THC kwenye lebo ya bangi: inapimwaje, na kwa nini mara nyingi huzidi ukweli

Kila kopo linalouzwa katika duka la bangi lenye leseni huko Denver au Los Angeles lina namba. Maua yaliyokaushwa yameandikwa THC (kemikali ya bangi inayolevya) 27%, pengine 31%. Peremende za jeli zimeandikwa miligramu 10 kwa kipande na miligramu 100 kwa pakiti nzima. Sheria za Colorado na California zinataka namba hizo zitoke kwenye maabara yenye leseni, na wanunuzi wengi, pamoja na Waswahili wenzetu wanaoishi huko, huzisoma kama wanavyosoma uzito wa mfuko wa sukari. Makala hii inawahusu hao. Kwa aliyeko Tanzania au Kenya bangi inabaki kuwa kosa la jinai, na hakuna lebo inayobadilisha hilo.

Niseme mapema kwamba mashine zinazopima THC ni nzuri na kemia yake inaeleweka vizuri. Kinachoharibu namba kwa kawaida hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine, au baada ya majibu kutoka: nani amechota sampuli, nani anamlipa mpimaji, na mteja dukani anavutwa na namba gani.

Tuanze na kinachopimwa. Ua la bangi ambalo halijapata moto lina THC kidogo sana. Lililojaa humo ni THCA, asidi ambayo yenyewe hailevyi. Likichomwa au likipikwa, joto huiondolea asidi hiyo kaboni dioksidi, na inayobaki ni THC. Kwa kuwa sehemu ya molekuli imepotea hewani, uzito nao hupungua: uzito wa molekuli ya THCA ni takriban 358.5, wa THC ni 314.5. Ukigawanya unapata 0.877. Ndiyo maana maabara huandika “THC jumla” kwa kuchukua THC iliyopo na kuongeza THCA iliyozidishwa kwa 0.877. Ua lenye THCA 24% na THC 0.8% lina THC jumla ya takriban 21.85%. Anayetaka kuuza haraka ataipa ile 24% herufi kubwa, na hajasema uongo wa kumfikisha mahakamani.

Njia ya kupima nayo ina maana yake. Kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha kemikali zikiwa mvuke, hupasha sampuli moto, kwa hiyo THCA hugeuka kuwa THC ndani ya mashine yenyewe, tena si yote. Kromatografia ya kimiminika haihitaji moto huo, na inaweza kuonyesha THCA na THC kila moja peke yake. Maabara nyingi sasa zinatumia hii ya pili.

Halafu kuna maji. Ua linalouzwa huwa na unyevu. Likipimwa kwa hesabu ya uzito mkavu likatoa 20%, na ndani ya kopo lina unyevu wa 12%, mnunuzi kwa kweli amebeba 17.6%. Hesabu zote mbili ni halali, mradi imeandikwa ni ipi iliyotumika.

Yote hayo ni madogo yakilinganishwa na uchotaji wa sampuli. California inaruhusu fungu moja la mavuno lifike pauni 50, yaani karibu kilo 22.7. Kutoka humo huchotwa sehemu ndogo tu, husagwa, na inayoingia kwenye mrija wa kupimia ni chini ya gramu moja. Sasa mmea wa bangi haulingani juu hadi chini. Maua ya kileleni yaliyopata mwanga mwingi huwa na utomvu mwingi, ambao ndio unaobeba THC, kuliko ya matawi ya chini, na vijitezi vinavyobeba utomvu huo hukatika kirahisi na kujikusanya chini ya mfuko. Mpishi akionja mchuzi pale juu palipoelea mafuta, hawezi kukuambia sufuria nzima ikoje. Kwa sababu hiyo California inamtaka mfanyakazi wa maabara aende mwenyewe kwa msambazaji, achote sehemu mbalimbali za fungu, na shughuli nzima irekodiwe kwa video. Pale mzalishaji anapoachiwa achague mwenyewe maua ya kupeleka, sijui ni nani angemtarajia apeleke mabaya.

Watafiti walipokwenda madukani kununua bidhaa na kuzipima upya, walikuta nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la tiba la JAMA ulipima vyakula 75 vyenye bangi ya tiba kutoka San Francisco, Los Angeles na Seattle. Vilivyokuwa na THC ndani ya asilimia 10 ya kilichoandikwa vilikuwa 17% tu. Asilimia 60 vilikuwa na THC pungufu, na 23% vilikuwa na THC zaidi ya lebo. Miaka minane baadaye, watafiti wa Colorado walichapisha katika jarida la PLOS ONE matokeo ya sampuli 23 za maua kutoka maduka 10. Takriban 70% ya sampuli hizo zilikuwa chini ya lebo kwa zaidi ya asilimia 15, na wastani wa THC waliyoipata ulikuwa karibu 15%, wakati lebo zilikuwa zikizungumzia 20 na kuendelea.

Tazama upande ambao makosa yameelekea. Makosa ya bahati tu huenda juu na chini bila upendeleo. Makosa yanayoegemea upande mmoja yana mwenyewe.

Mwenyewe ni soko. Mzalishaji ndiye anayeilipa maabara. Maduka hupanga bei kwa kufuata THC, na mteja asiyeijua bangi vizuri hununua namba kubwa anayoweza kuimudu. Maabara inayotoa majibu ya kweli ya 18% humpoteza mteja wake kwa jirani anayetoa 23%. Mtaani Marekani wanaita biashara hii kununua maabara, na wenye maabara waaminifu wameilalamikia kwa miaka. Takwimu za serikali zenyewe zinaionyesha. Uchambuzi wa data za jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa maabara ziliachana kwa utaratibu: baadhi zilitoa namba za juu daima, nyingine za chini daima, hata aina za bidhaa zilipozingatiwa. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2021, uliohusu Nevada na Washington, ulikuta idadi ya maua yanayoripotiwa kuwa na THC 20% au zaidi kidogo inaruka ghafla ukilinganisha na yale ya chini kidogo ya 20%. Mmea haujui kuhesabu kwa makumi.

California ilijibu kwa sheria. Maabara zote zenye leseni zimetakiwa kutumia njia moja ya kupima maua yaliyokaushwa tangu mwaka 2024, kwa maelekezo ya idara ya jimbo inayosimamia bangi. Ni hatua nzuri, ingawa njia moja haimzuii mtu aliyedhamiria. Kinachomzuia ni mkaguzi kununua bidhaa dukani kimyakimya na kuipima upya katika maabara isiyolipwa na mzalishaji.

Vyakula vina ugumu wake, na hapa huwa namwonea huruma mpimaji. Mwaka 2019 mwanakemia David Dawson, wa maabara moja ya Oakland, alieleza kwenye mkutano wa Chama cha Kemia cha Marekani jambo lililomshangaza hata yeye: alipoweka gramu 2 za chokoleti yenye bangi kwenye mrija wa kupimia alipata kiwango cha chini cha THC kuliko alipoweka gramu 1 ya chokoleti ileile. Kuongeza sampuli kulipaswa kuongeza uhakika, lakini chokoleti yenyewe ilikuwa inaizuia THC isionekane yote, na mafuta yake ndiyo yaliyoshukiwa kwanza. Kwa hiyo maabara mbili zinaweza kupima mche mmoja wa chokoleti, zote kwa nia njema, na zikatoa majibu tofauti kwa sababu ya hatua ndogo ya matayarisho. Jeli, biskuti, mafuta na vinywaji kila kimoja kinahitaji utaratibu wake uliojaribiwa na kuthibitishwa.

Kwa vyakula hivyo California inaruhusu lebo ipishane na kipimo kwa asilimia 10 juu au chini. Pakiti ya miligramu 100 inaweza kuwa na 90 au 110 na bado ikapita. Lakini jumla ya pakiti ikiwa sahihi bado kuna swali la mgawanyo: kama mchanganyiko haukukorogwa sawasawa, kipande kimoja kinaweza kubeba mzigo wa viwili. Upimaji wa mgawanyo huu una uzito kwa mlaji kuliko asilimia zote za kwenye makopo ya maua.

Na lebo iliyo sahihi inaweza kutomsaidia mtu. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2015 kifo cha kijana wa miaka 19 huko Colorado mwezi Machi 2014. Biskuti aliyokula ilikuwa na miligramu 65 za THC, sawa na dozi zaidi ya sita za miligramu 10. Muuzaji alimwelekeza ale kipande kimoja tu kati ya sita. Alifanya hivyo, akasubiri kati ya nusu saa na saa moja, hakuhisi kitu, akala iliyobaki. Saa chache baadaye alikufa baada ya kuruka kutoka ghorofa ya nne. Kuanzia Februari 2015 Colorado ilitaka kila dozi ya miligramu 10 katika chakula itenganishwe au iwekewe alama wazi. THC iliyoliwa hupitia kwenye ini, ambako sehemu yake hugeuzwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu, na inaweza kuchukua hadi saa mbili au zaidi kabla mtu hajahisi chochote. Asiyejua hilo huongeza kipande cha pili wakati cha kwanza bado kiko njiani.

Kwa nini nchi yenye maabara nyingi kiasi hicho haina kiwango kimoja cha taifa? Kwa sababu bangi bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho, na sampuli haiwezi kuvuka mpaka wa jimbo kihalali. Maabara ya Oregon haiwezi kutumiwa ua lilelile lililopimwa Nevada ili walinganishe. Taasisi ya taifa ya vipimo, NIST, ilipitia mlango wa pembeni: mwaka 2020 ilianzisha mpango wa kulinganisha maabara kwa kutumia hempu, yaani bangi yenye THC isiyozidi 0.3%, na mwaka 2024 ikatoa hempu iliyosagwa na kupimwa kwa makini ili maabara zijipime kwayo.

Mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi ambayo hailevyi, yanayouzwa kwenye intaneti ni habari nyingine, na mbaya zaidi. Utafiti wa JAMA wa mwaka 2017 ulinunua bidhaa 84 kwa njia hiyo. Zilizokuwa na lebo sahihi zilikuwa 31%, na 18 kati ya zote 84 zilikutwa na THC. Dereva wa lori anayepimwa mkojo kazini, na hao kwetu tunao wengi huko Minnesota na Ohio, anaweza kupoteza kazi kwa chupa aliyoambiwa haina kitu.

Ukiwa na bidhaa mkononi, omba cheti cha uchambuzi, yaani majibu ya maabara, au fungua msimbo wa QR ulioko kwenye pakiti. Namba ya toleo kwenye cheti ifanane na ya kwenye pakiti. Cheti cha toleo jingine hakikuhusu. Angalia tarehe, kwa kuwa THC huharibika taratibu kwa joto, mwanga na hewa. Tafuta kama maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na kama kilichoandikwa ni THC jumla au THCA pekee. Ua lililoandikwa zaidi ya 30% likutie shaka kabla halijakutia hamu. Kwa chakula, soma miligramu za kipande kimoja kwanza, ndipo za pakiti.

Kwa asiye raia wa Marekani kuna jambo ambalo cheti chochote hakilitatui. Uhamiaji hufuata sheria ya shirikisho, na idara inayoshughulikia uraia ilitoa mwongozo mwezi Aprili 2019 kwamba kutumia au kufanya kazi ya bangi kunaweza kumzuia mtu kupata uraia hata kama jimbo lake linaruhusu.

Na jeli hizo zifungiwe mbali na watoto, kwani kwao ni peremende tu. Mtoto akila, piga simu ya sumu ya Marekani, 1-800-222-1222, au 911 akiwa hapumui vizuri au haamki. Nendeni hospitali na pakiti yenyewe, na mhesabu vipande vilivyobaki. Daktari atataka kujua miligramu ngapi, na siku hiyo namba iliyo kwenye lebo ndiyo pekee atakayokuwa nayo.