Kipimo cha ANCA: dhana potofu na ukweli

ANCA ni kingamwili zinazozishambulia chembe nyeupe za damu za mwenyewe. Hupimwa pale daktari anaposhuku vaskulitisi (uvimbe wa kuta za mishipa ya damu) ya mishipa midogo, ugonjwa unaoweza kuharibu figo na mapafu kwa muda mfupi.

Dhana: Majibu yakija chanya, una vaskulitisi.

Ukweli: Si lazima. Kifua kikuu, maambukizi ya vali za moyo, VVU na homa ya ini C vyote vinaweza kuleta ANCA chanya. Hata dawa zinaweza: propilthiourasili ya tezi ya shingo, hidralazini ya presha. Kwetu, ambako TB bado ni nyingi, hapa pana hatari kubwa. Aina moja ya vaskulitisi, GPA, humfanya mtu akohoe damu na huacha mashimo kwenye mapafu, na eksirei yake inaweza kufanana kabisa na ya TB. Ukimpa mwenye TB dawa za kushusha kinga peke yake, TB itasambaa. Ukimpa mwenye GPA dawa za TB na kumwambia asubiri, figo zinaweza kufa. Kwa hiyo makohozi yapimwe, na inapowezekana kinyama kidogo cha figo au cha sehemu nyingine iliyoathirika kichukuliwe kikachunguzwe.

Dhana: Majibu yakija hasi, umepona wasiwasi.

Ukweli: Katika EGPA, aina ya vaskulitisi inayoambatana na pumu, wagonjwa wengi hawana ANCA. Na kwa ugonjwa wa Takayasu, unaoshika mishipa mikubwa, kipimo hiki hakisaidii. Hapo zinahitajika picha za mishipa.

Dhana: Chanya ni chanya tu.

Ukweli: Uliza ni PR3 au MPO, yaani ni protini ipi ya chembe nyeupe ambayo kingamwili zinailenga. Tangu makubaliano ya wataalamu ya 2017, hizo mbili ndizo zinazopendekezwa kupimwa kwanza. PR3 huonekana zaidi kwenye GPA, na ugonjwa wake hurudi mara nyingi zaidi.

Dhana: Kiwango cha ANCA kikipanda, dawa ziongezwe.

Ukweli: Kikipanda peke yake, mgonjwa afuatiliwe kwa karibu. Kipimo cha mkojo ni cha bei nafuu na kinasema mengi: kijiti cha kupimia mkojo kikibadilika rangi kuonyesha damu na protini, huku kreatinini (taka ya damu inayochujwa na figo) ikipanda, figo zinashambuliwa. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa figo siku hiyohiyo, hata kama majibu ya ANCA hayajarudi.