Saratani ya ini si ugonjwa wa walevi tu

Mtu akifa kwa saratani ya ini, msibani hukosi kusikia mnong'ono: "Ni pombe hiyo." Inaniuma, maana wapo marehemu wengi ambao hawakuwahi kuonja hata tone. Pombe huharibu ini, kweli, lakini kirusi cha homa ya ini aina ya B nacho ni chanzo kikubwa. Daktari Mmarekani R. Palmer Beasley alifuatilia wanaume 22,707 nchini Taiwan, matokeo yakachapishwa mwaka 1981. Kati ya 41 waliokufa kwa saratani hiyo, 40 walikuwa na kirusi hicho damuni. Arobaini! Alionyesha pia kuwa mama huweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kujifungua. Mwaka 1984 Taiwan ikaanza kuchanja watoto wachanga.